UZI: Nimechuuza hostingi tangu 2017 bila kumdanganya mteja (isipokuwa mmoja)

MwanaKirumba

Wakuu, salaam.

Mimi ni mchuuzi wa hostingi, yaani nafasi ya kuweka tovuti na imeli za watu, nipo Mwanza. Seva, zile kompyuta zinazobeba tovuti, sina. Nanunua nafasi kwa jumla kwenye kampuni moja ya Ulaya, naigawa vipande, nawauzia wenye lodge, shule, maduka ya spea na makanisa matatu. Ni kama dagaa wa hapa Mwaloni: wenzio wanashusha magunia, wewe unapima sado. Wenyewe wanaita riseli. Nilianza 2017 na wateja wanne, wawili wakiwa ndugu zangu, na hao hadi leo hawajalipa.

Naleta uzi huu kwa sababu inboksi yangu ina watu wa aina mbili. Vijana wanaouliza, "Mkuu, hiyo kitu inalipa?" Na watu wazima wanaosema, "Fundi wetu hapokei simu na tovuti imezimika." Kwa ninavyoona hawa wa pili wanatengenezwa na hawa wa kwanza, kwa hiyo nawajibu kwa pamoja.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayomsukuma mtu kudanganya.

Chukulia akaunti ya jumla ya dola 25 kwa mwezi, yenye paneli ya WHM (unayosimamia wateja wote) na nafasi ya kufungua akaunti 30 za cPanel (paneli ya kila mteja kwa vitu vyake). Ongeza dola 5 za mahali pengine pa kuhifadhia bekapu, yaani nakala za akiba (hapo nitarudi, ndipo nilipoungulia). Jumla dola 30. Dola ikiwa 2,600 hiyo ni 78,000 kwa mwezi, 936,000 kwa mwaka. Ukiziuza zote 30 kwa 90,000 kwa mwaka unaingiza 2,700,000. Toa gharama, inabaki 1,764,000. Gawa kwa 12: laki moja na elfu arobaini na saba kwa mwezi. Bado hujatoa kodi, makato ya miamala, bando, wala bodaboda ya kwenda kumwekea mhasibu wa shule imeli kwenye simu yake mpya. Na hapo umeshajaza zote 30. Mimi kujaza kulinichukua miaka miwili na nusu.

Halafu dola nayo haitulii. Mwanzoni mwa 2023 ilikuwa kwenye 2,300, mwaka uliofuata ikagusa 2,700. Dola zako 30 ni zilezile, ila zimepanda kwa 12,000 kila mwezi, 144,000 kwa mwaka. Karibu faida ya mwezi mzima imeliwa umelala. Na mteja ulishampa bei ya mwaka, huna uso wa kumrudia.

Kuna pigo lingine wa zamani mnalikumbuka. Juni 2019 wenye cPanel walitangaza kuwa leseni haihesabiwi tena kwa seva, inahesabiwa kwa idadi ya akaunti zilizomo. Siku zile ungeweza kununua kifurushi cha jumla ukafungua akaunti mpaka uchoke. Baada ya tangazo kila akaunti ikawa na bei, na kampuni mama, zile tunakonunua jumla, zikatushushia sisi mzigo. Wachuuzi wengi niliowafahamu walifunga mwaka ule. Wapo waliofunga kistaarabu, wakawapa watu vitu vyao. Wapo walioingia mitini.

Sasa kijana ana 147,000 kwenye karatasi, mkononi ana 40,000. Hapo ndipo anapoandika kwenye tangazo "nafasi bila kikomo, bekapu kila siku, huduma saa 24". Na hapo ndipo anaposajili domeini (jina la tovuti) ya mteja kwa jina lake mwenyewe, ili mteja hata akichukia asiwe na pa kwenda.

Ngoja nihudumie mtu hapa, naendelea.

DogoITM

Nimeweka kiti mbele kabisa. Shikamoo mkuu.

Kiroboto_wa_Ubungo

Kwa hiyo hii "bila kikomo" ninayoilipia mwaka wa tatu ni changa la macho?

MwanaKirumba

Marhaba DogoITM.

Kiroboto, diski ina ukubwa wake. Hakuna aliyewahi kununua diski isiyo na kikomo. Ila tuwe waungwana: kuuza zaidi ya ulichonacho si wizi peke yake. SACCOS yenu haiweki hela za wanachama wote kabatini, inajua hamji wote Jumatatu. Mimi nina GB 100, nimeuza vifurushi 30 vya GB 5, hiyo ni 150. Nalala usingizi, kwa sababu tovuti nyingi za wateja wangu hazifiki hata GB 1 na nikiona jumla inakaribia 70 naongeza kifurushi kabla haijafika. Ukiuza zaidi ya ulichonacho na hutazami mita, hapo sasa unamwibia mtu.

Kingine usichoambiwa ni idadi ya mafaili. Ingia kwenye cPanel yako, upande wa takwimu utaona idadi ya mafaili na ukomo wake. Kwenye seva hizi kila barua pepe ni faili moja. Ofisi ya watu kumi wasiofuta imeli tangu wafungue watagonga ukomo wa mafaili huku diski ikionyesha bado ina nafasi tele. Wataambiwa "umezidi matumizi", na wao walinunua "bila kikomo".

Na ukiona tovuti inatoa namba 508 watu wakijaa, hiyo ni CloudLinux, mfumo wa seva unaogawa nguvu, inakubana: akaunti yako imepewa kiasi cha kichakataji na kumbukumbu, umekigusa. Ni kitu kizuri, kinazuia jirani mmoja asimeze seva nzima. Lakini muulize muuzaji hizo namba kabla hujalipa. Za kwangu nimeziweka kwenye ukurasa wa bei, chini ya bei, kwa herufi zilezile. Wateja wawili tu ndio wamewahi kuniuliza maana yake.

MamaKeki_Moro

Kaka habari. Naomba unisaidie, naona unaongea mambo yangu. Nina duka la keki na vifaa vya keki Morogoro. Kijana alinitengenezea tovuti mwaka juzi, nikamlipa yote mpaka ya domeini. Sasa hivi tovuti inaonyesha tangazo la kwamba akaunti imesimamishwa. Simu hapokei, WhatsApp tiki za bluu zinatokea ila hajibu. Vipeperushi vyangu vyote na maboksi ya keki yana jina la hiyo tovuti. Nimechapa maboksi elfu mbili.

MwanaKirumba

Pole sana dada. Domeini ni ya .com au ya .co.tz?

MamaKeki_Moro

.co.tz

MwanaKirumba

Afadhali. Fungua tovuti ya tzNIC, hao ndio wasimamizi wa .tz zote, tafuta sehemu ya WHOIS (ya kuulizia domeini ni ya nani), andika jina la domeini yako. Usibandike majibu hapa, nijibu mambo matatu tu: jina la mmiliki ni la nani, kampuni iliyosajili ni ipi (usiitaje, jua tu), na inaisha lini.

Nahodha_Mtwapa

Salamu kutoka Mombasa. Wakati mama aangalia hayo, nami niongeze langu. Huku kwetu KeNIC ndio wasimamizi wa .ke na mchezo ni huohuo. Mimi nina wateja sitini na kitu, naweka kila domeini kwa jina la mwenyewe na imeli ya mwenyewe. Najua niko peke yangu mtaani kwangu.

Ila mwenzangu wa Mwanza, hilo la dola limenichoma. Januari 2024 dola ilifika shilingi 160 huku kwetu, nikapandisha bei kwa kila mtu na barua nzuri ya kueleza. Kabla ya nusu ya mwaka imeshuka mpaka 130. Sikushusha. Mteja mmoja akaniuliza tukitoka msikitini, mbele ya watu: "Bwana, ile barua ya kupanda tuliipata, ya kushuka imepotelea njiani?" Nikashusha Jumatatu.

Kiroboto_wa_Ubungo

Hahaha Nahodha, ulishikwa pabaya.

MwanaKirumba

Nahodha karibu sana, na asante kwa ukweli. Mimi dawa niliyoipata ni kuweka bei ya shilingi yenye akiba kidogo ndani, naibadilisha mara moja kwa mwaka, Januari, na siigusi katikati hata dola ikiruka. Kwa Tanzania hata hivyo tangu Machi 2025 kanuni haziruhusu kutangaza bei ya dola kwa huduma za hapahapa ndani, kwa hiyo wanaoandika "$" kwenye matangazo yao wajiangalie.

Sasa niseme ule uongo wangu mmoja, maana nimeuahidi kwenye kichwa cha uzi.

Mwaka 2018 kwenye tangazo langu niliandika "bekapu kila siku". Sikujua ni uongo. Kampuni mama iliandika hivyo kwenye ukurasa wao, nami nikanakili. Mwezi wa nane, msimu wa wageni, diski za ile seva zikafa. Tukasubiri. Siku ya pili wakaandika kwamba bekapu za kila siku zilikuwa kwenye mashine hiyohiyo, iliyobaki salama ni ya wiki, na ilikuwa na umri wa siku tisa.

Mteja wangu mkubwa wakati ule alikuwa lodge moja njia ya Serengeti. Tovuti kurudi nyuma siku tisa haina neno, haikuwa imebadilika. Imeli ndiyo ilikuwa balaa. Wageni wanaweka nafasi kwa imeli: majina, ndege wanayokuja nayo, nani hali nyama. Siku tisa za mwezi wa nane.

Nilipanda basi nikaenda. Njiani nikakumbuka kitu kikanitoa jasho: simu ya mapokezi imeunganishwa na imeli kwa IMAP. Maana yake simu inaiga kilichopo kwenye seva. Kwenye simu barua za siku tisa bado zipo, lakini ikishika mtandao na kukuta kasha la seva halina zile barua, itazifuta na yenyewe ili zifanane. Nikampigia dada wa mapokezi kutoka ndani ya basi: "Zima data! Zima waifai! Usifungue imeli, weka simu kwenye hali ya ndege uiache mezani!" Abiria wote wakanigeukia. Yule dada akasema, "Kaka, chaji imeisha tangu asubuhi, umeme umekatika." Sijawahi kuwashukuru watu wa umeme kama siku ile.

Tuliiwasha bila mtandao, tukakaa naye mpaka saa nne usiku tukinakili barua moja moja kwenye daftari la kaunta. Barua 61. Kompyuta ya meneja ilikuwa na nyingine, yeye alikuwa anatumia POP kwenye Outlook ya zamani, na POP barua ikishateremka inakaa kwenye mashine. Tulizopoteza kabisa sijui idadi yake, na mwenye lodge hajui, ila wageni wawili walifika hawajaandaliwa chumba na wakapewa cha meneja.

Nilimwambia mzee mwenye lodge: nilikuahidi kitu ambacho sikuwahi kukihakikisha. Nikamrudishia hela ya mwaka mzima, 90,000. Akaipokea, akahesabu, akaniuliza kama nimekula. Ni mteja wangu mpaka leo, ila kila Januari akilipa ananiuliza, "Bekapu iko wapi?" na hakubali jibu la jumla, anataka kusikia jina la mji.

DogoITM

Mkuu hii ya hali ya ndege nimeiandika ukutani.

Sumu_ya_Panya

Hadithi nzuri ila naona unajipaka mafuta. Watoa huduma wakubwa wana vituo vya data vya mabilioni, bekapu ni kazi yao, wewe mchuuzi unajitafutia presha bure. Ndiyo maana tunawalipa.

MwanaKirumba

Sumu, usiku wa tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVH pale Strasbourg, Ufaransa, kilishika moto. Jengo moja, SBG2, liliteketea lote, na la jirani likaungua sehemu. Hao ni miongoni mwa wakubwa kabisa wa Ulaya. Netcraft, wanaofuatilia tovuti duniani, walihesabu tovuti milioni 3.6 zilizotoka hewani. Mwenye kampuni, Octave Klaba, alifanya nini? Aliwaandikia wateja Twitter wawashe mipango yao ya dharura. Yao, siyo yake. Waliokuwa wameweka bekapu palepale Strasbourg wakakuta na zenyewe ni majivu.

Kwa hiyo mimi bekapu naivuta kila usiku kwenda kampuni nyingine, nchi nyingine, inayolipwa kwa kadi nyingine. Hata kampuni mama ikinifungia kwa deni au kwa makosa, bekapu hawaigusi. Na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nachukua mteja mmoja kwa kura, namrudisha kwenye anwani ya majaribio, naangalia saa. Mara moja nilikuta hifadhidata ya duka la spea ina baiti sifuri. Miezi minne mfululizo sifuri, na kila asubuhi mfumo ulikuwa unaniandikia "bekapu imekamilika".

MamaKeki_Moro

Nimerudi. Mmiliki ni jina la duka langu, lile nililosajili BRELA. Nimeshukuru Mungu. Lakini imeli iliyoandikwa siijui, nadhani ni ya huyo kijana. Inaisha baada ya miezi mitatu.

MwanaKirumba

Dada, wewe umeshapona, bado makaratasi tu. Huyo kijana siyo mwizi kamili, alikuandika jina lako. Anachoshikilia ni imeli, na imeli ndiyo mahali msajili anapotuma kodi (msimbo wa siri, siyo ile ya serikali) ya kuhamisha domeini. Fanya hivi: hiyo kampuni uliyoiona kama msajili, waandikie barua yenye kichwa cha duka, ambatisha cheti cha BRELA na kitambulisho chako, omba wabadilishe imeli ya mmiliki iwe yako. Imeli mpya iwe ya Gmail au nyingine ya nje, usiweke inayoishia na domeini hiyohiyo. Wakishabadilisha, omba kodi ya kuhamishia. Wakikuzungusha, waandikie tzNIC wenyewe ukiwaeleza.

Hostingi yake achana nayo. Tovuti ya keki itatengenezwa upya, picha unazo kwenye simu.

Nahodha_Mtwapa

Hapa sasa ndipo mimi na wewe tutagombana kidogo. Huyo kijana huenda naye analia. Mteja hakulipa mwaka wa pili, ye' kalipa mfukoni mwake miezi sita, kachoka. Mimi nina watu wanitumia salamu za Idi na deni la miaka miwili. Ukimwachia mteja domeini na bekapu na kila kitu, kesho ahamia kwa mwingine na deni lako laenda na maji. Mimi domeini siigusi, lakini mafaili sitoi mpaka nilipwe.

MamaKeki_Moro

Kaka Nahodha mimi nimelipa, risiti ya M-Pesa ninayo.

Nahodha_Mtwapa

Samahani dada yangu, sikukusudia wewe. Nasema kwa jumla.

MwanaKirumba

Nahodha, nakuelewa, hata mimi nina orodha. Utaratibu wangu: siku 30 kabla napiga meseji, siku 14 tena, siku 3 napiga simu yenyewe. Hela za simu hazijikati kama kadi za wenzetu, mtu lazima akae aandike lipa namba, kwa hiyo kusahau ni jambo la kawaida. Siku ya 10 baada ya kuisha nasimamisha tovuti, imeli naiacha siku 7 zaidi maana humo ndimo riziki ya mtu. Nasimamisha, sifuti. Mafaili yanakaa siku 90. Akija ndani ya hizo siku akasema sina hela, ila nataka kuhama, nampa faili la bekapu na deni lake namwandikia kwenye ankara.

Ndiyo, wengine wamekula kona na deni. Nimehesabu, tangu nianze ni saba. Ila wateja kumi na mmoja wameletwa kwangu na watu *walioondoka*. Mmoja aliondoka kwa hasira kabisa, halafu akamtuma shemeji yake.

Nakubali hata hivyo kwamba wewe una sitini na mimi thelathini. Labda nikifika sitini nitakuwa mkali.

Nahodha_Mtwapa

Utakuwa, ndugu yangu. Subiri.

DogoITM

Mkuu swali. Ni lazima kumwambia mteja kwamba wewe ni mchuuzi? Maana unaweza kuweka majina ya seva ya kwako yanayoelekeza domeini, ns1 na ns2 za jina lako, na mteja akaona kama kila kitu ni chako.

MwanaKirumba

Weka ns1 na ns2 zako, hiyo ni busara. Siku ukihama kampuni mama unabadilisha anwani za IP (namba za seva) mahali pamoja na wateja wote 30 wanahama bila kuguswa. Nimehama mara mbili hivyo, mara ya pili hakuna aliyejua.

Lakini akiuliza, mwambie. Kwanza utaaibika siku umeme umekatika kwako na seva "yako" inaendelea kufanya kazi. Pili, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na kupeleka taarifa za watu nje ya nchi kuna masharti yake. Shule inayoweka majina na matokeo ya wanafunzi kwenye mfumo wako ina haki ya kujua kama viko Ujerumani. Kenya wana yao tangu 2019. Mimi nimeweka mstari mmoja kwenye ankara: seva zipo nchi fulani, bekapu zipo nchi fulani.

Na ilinisaidia. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, mnakumbuka Tanzania nzima tulivyokuwa. Simu zikaanza: "Tovuti imekufa." Haikuwa imekufa. Mgeni aliyeko Berlin alikuwa anaifungua vizuri, sisi ndio tuliokatikiwa. WhatsApp inasuasua, nikatuma meseji za kawaida kwa wateja wote: seva iko hai Ulaya, njia ya baharini ndiyo imekatika, mimi sina cha kufanya na sitawadanganya kuwa nashughulikia. Nusu walijibu "sawa". Mmoja akajibu "angalau".

Sumu_ya_Panya

Hiyo nakupa. Wangu alisema anashughulikia kwa siku mbili nzima.

Kiroboto_wa_Ubungo

Na spamu je? Imeli zangu za kazini zinaangukia kwenye taka za watu.

MwanaKirumba

Huko ndiko nilikofukuza mteja anayelipa. Muuza viwanja. Alinunua mahali orodha ya imeli 11,000, akazirusha zote usiku mmoja kupitia seva ambayo wengine 29 wanaitumia. Asubuhi anwani yetu ya IP iko kwenye orodha ya Spamhaus, wanaoorodhesha watuma spamu, na ankara za muuza spea zinagonga mwamba kila mahali. Nikamfungia saa mbili asubuhi, nikamrudishia salio la miezi iliyobaki. Alikasirika kweli, akasema ye' ni mteja mfalme. Nikamwambia wafalme wako thelathini humu.

Kwako Kiroboto, tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza: mtumaji yeyote awe na uthibitisho wa SPF au DKIM (rekodi za kuonyesha imeli imetoka kwako kweli), na anayetuma kwa wingi (Gmail wanahesabu zaidi ya 5,000 kwa siku) awe na zote mbili pamoja na DMARC, inayosema imeli bandia zifanywe nini. Mwambie fundi wako akuonyeshe hizo rekodi kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeini yako. Ni kazi ya dakika ishirini. Asipoelewa unachosema, basi.

DogoITM

Mkuu la mwisho. Nianze au nisianze?

MwanaKirumba

Anza na watano unaowajua kwa sura. Hesabu weka kwenye daftari au Excel, mfumo wa ankara usinunue mpaka ufike kumi na tano. Usitumie thimu na plagini (sura na viongezo vya tovuti) za wizi zile za bure kwenye magrupu, zinakuja na mlango wa nyuma na seva itakuwa ya watu wengine. Cheti cha SSL (kile kinacholeta alama ya kufuli kwenye tovuti) usiuze kama kitu cha pekee, Let's Encrypt wanatoa bure na paneli inajiwekea yenyewe; nimeona mtu anatoza 60,000 kwa hilo. Domeini ya .com kwa jumla ilipandishwa mpaka dola 10.26 Septemba 2024, hivyo anayekuuzia kwa dola 2 anakuvuta kwa mwaka wa kwanza tu. Andika bei ya mwaka wa pili palepale ilipo ya kwanza.

Na tafuta mtu wa pili mwenye nywila zako. Mke wangu anazo, kwenye bahasha, na namba ya kijana mmoja wa Nyegezi anayejua kazi hii. Mwaka jana nililazwa siku tano na hakuna tovuti iliyolala.

MamaKeki_Moro

Kaka MwanaKirumba, nimerudi kutoa mrejesho baada ya siku nne. Niliandika barua kama ulivyosema, wakanipigia kuhakiki, wakabadilisha imeli. Leo asubuhi wamenitumia kodi! Mungu akubariki wewe na familia yako. Kodi yenyewe ni hii hapa, naomba uniangalie kama ndiyo:

[bandiko limehaririwa na mwandishi]

MwanaKirumba

DADA FUTA HARAKA. Hiyo ni funguo ya nyumba, umeitundika sokoni.

Kiroboto_wa_Ubungo

Jamani Mama Keki 😂😂

MamaKeki_Moro

Nimefuta. Samahani. Nimeshtuka mpaka nimeunguza trei.

MwanaKirumba

Waandikie tena wakupe nyingine, waambie ile imeonekana. Ikifika usimwonyeshe mtu, hata mimi, mpaka uwe umeamua unahamia wapi.